Mgongo wa Mwisho Karibu na Mlango

Wapendwa, kaeni vizuri na simu zizimwe. Jambo la leo linanichanganya mimi mwenyewe, na sipendi kuchanganyikiwa peke yangu.

Kulikuwa na chama kimoja cha siasa. Msiniulize kipi, mkianza kukitafuta mtakosa mahubiri. Mwenyekiti wao wa wilaya alikuwa amestaafu, wakaitana kuchagua mwingine. Sasa chama hiki kilikuwa na desturi yake. Hawakutumia karatasi wala sanduku. Wagombea walijipanga kwenye ua wa ofisi ya chama wakiwa wameelekea ukuta, na kila mjumbe akaenda kusimama nyuma ya yule anayemtaka. Kwa nini waelekee ukuta? Ili mgombea asione nani kamfuata na nani kamkimbia, visasi visiwepo. Wazo zuri, sivyo? Ila siku hiyo kila aliyeingia getini alipewa fulana na kofia ya chama, wote rangi moja. Niambieni, migongo ikivaa sare, utajuaje nani ni nani?

Kati ya wajumbe alikuwepo mama mmoja muuza vitumbua, ametoka kata ya mbali huko milimani. Kwao zahanati ilikuwa imefungwa, na wanawake walikuwa wakijifungulia njiani, juu ya pikipiki. Binti yake mwenyewe alikuwa mjamzito, amekaribia kabisa. Wanachama wa tawi lake walimsindikiza mpaka stendi wakamwambia neno moja.

"Mchague yule nesi mstaafu. Ndiye mgombea pekee aliyepanda mlima kuja kutusikiliza. Akishinda, zahanati itafunguliwa. Usituangushe."

"Niacheni bwana, mimi si mtoto," mama akawajibu.

Haya. Asubuhi ya uchaguzi katibu alipita kwa wajumbe, mmoja mmoja, akiwanong'oneza: "Wakubwa wameshamaliza kazi. Mtu wao ni yule wa mwisho, karibu na mlango. Msijichoshe bure."

Msimamizi akapuliza filimbi. Watu wakamiminika uani, mama yetu akabaki katikati, anageuka huku, anageuka kule. Migongo mitupu! Alihangaika mpaka akamtambua nesi kwa bega lake moja lililoshuka kidogo. Nyuma ya nesi hapakuwa na mtu. Hata mmoja. Mama akapiga hatua kumwendea, na hapo mzee mmoja, mjumbe mwenzake kutoka kata jirani, akamshika mkono.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwa nesi. Nimetumwa."

"Usimame pale peke yako, dunia nzima inakuona? Kesho ukija ofisini na shida yako atakusikiliza nani? Njoo huku kwenye watu."

"Kwani huu mstari wenu ni wa nani?"

"Mimi nitajuaje? Wakubwa wanajua."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Usinijibu haraka, mzee wa kanisa, nakuona unavyotikisa kichwa. Mama aliutazama ule uwazi nyuma ya nesi, akautazama mstari uliozunguka ofisi. Akaenda kwenye watu.

Wakahesabiwa. Msimamizi akatangaza, "Mshindi wetu, geuka!" Mshindi hakugeuka. Akaitwa tena. Ndipo akageuka, bisibisi mkononi, kipande cha waya kimebanwa na meno.

Alikuwa fundi wa spika! Spika zilikata, wakamwita aje aunganishe waya ukutani, na yeye naye alipewa fulana na kofia getini. Mtu wa wakubwa alikuwa papo hapo pembeni yake, nyuma yake hamna hata paka, kwa sababu baada ya fundi kuja, yeye hakuwa tena wa mwisho karibu na mlango. Wajumbe walitii kama walivyoambiwa.

"Jamani," fundi akasema, "mimi nimekuja kutengeneza waya."

Hapa ndipo ninapopotea kabisa, wapendwa. Kila mmoja akamtazama mwenzake, akidhani mwenzake anajua asilolijua yeye. Labda wakubwa wamebadilisha mawazo? Labda huyu ndiye aliyekusudiwa tangu mwanzo? Labda siasa ndiyo hivi? Katibu akakohoa, jasho linamtoka, kisha akaanza kupiga makofi. "Mnaona unyenyekevu wa kiongozi wetu?" Basi ua ukalipuka! Fundi akabebwa juu juu, anapiga kelele ashushwe, wao wanaimba. Na mama yule alipiga vigelegele. Ndiyo, yule yule aliyetumwa.

Nesi naye akageuka. Akaona nyuma yake mchanga mtupu. Hakulia wala hakumlaumu mtu. Alipita katikati ya kelele mpaka kwa mama, akampa mkono.

"Mama, hamjambo huko? Binti yako anaendeleaje?"

"Hajambo, nesi."

"Mwambie asisubiri uchungu uanze. Ashuke mapema, aje akae kwangu."

Mama akakosa pa kuuweka uso wake.

Jioni walipandishwa lori la chama kurudi makwao. Hakuna aliyeimba. Njiani mama akashindwa kuvumilia, akasema kwa sauti, "Jamani, mimi kwetu walinituma nimchague nesi." Yule mzee aliyemshika mkono akainamisha kichwa. "Hata mimi," akasema. Mwingine nyuma akasema, "Hata sisi." Na mwingine. Na mwingine! Lori zima, wapendwa. Lori zima lilitumwa kwa nesi.

Mmenielewa? Walikuwa wengi wa kutosha kumpa ushindi, na kila mmoja aliuona ule uwazi nyuma ya nesi akasema, hana watu yule. Hana watu! Watu wake si ndio nyinyi?

Mnamcheka fundi, mimi pia nilimcheka. Lakini sisi je? Wengine wetu hapa ni wajumbe wa vyama. Wengine tunachagua viongozi wa vikoba, wa kwaya, wa shule za watoto wetu. Tunatoka nyumbani tukimjua vizuri anayetufaa, tukifika tunanyoosha shingo kutazama watu wengi wako wapi. Halafu tunarudi nyumbani kulalamika kwamba viongozi ni wabaya. Nani aliwaweka? Malaika? Sina dawa ya jambo hili, nawaambia ukweli, maana hata mimi ningekuwa pale sijui miguu yangu ingenipeleka wapi. Ninachojua ni kwamba mtu mmoja tu angetosha kuziba ule uwazi, na wengine wangemfuata mbio. Wote walikuwa wakimsubiri mtu huyo, na wote walikuwa ndio yeye.

Sasa tusimame tuombe. Na usimtazame wa pembeni yako kama amesimama.