Sanamu la Pekee Mjini Tanga

Mwanjaa aliuza masanamu ya mashujaa wa filamu na katuni katika duka la kupanga mjini Tanga. Asubuhi moja mwenye nyumba, tajiri Shemhilu, aliingia amekunja uso.

"Uliniuzia sanamu la shujaa Simbaradi kwa milioni mbili, ukasema bei itapanda. Leo mtandaoni hata laki mbili hawatoi! Nirudishie pesa zangu, la sivyo kesho uhame."

Mwanjaa hakuwa na hata nusu yake. Akamvutia kiti.

"Mzee wangu, hapa mjini yapo mawili tu: lako, na hili langu kwenye rafu. Likibaki moja, bei utaitaja mwenyewe."

"Basi vunja lako!"

"Nivunje mali yangu ili wewe utajirike? Linunue, ulivunje mwenyewe."

"Kiasi gani?"

"Milioni mbili zilezile. Na uniandikie kwamba hunidai kitu wala hunifukuzi."

Shemhilu akalipa, akaandika, akalitwanga sanamu kwa nyundo mpaka kichwa kikaviringika mlangoni. Akaondoka akipiga mluzi.

Dada yake Mwanjaa alikuwa akifagia vipande. "Na akikosa mnunuzi, si atarudi?"

"Atamkosa," alisema Mwanjaa, akiikunja ile karatasi na kuitia kifuani. "Mji mzima huu alibaki mtu mmoja tu anayeyataka masanamu haya, naye ameshanunua yote mawili."