Nusu Saa ya Salha

Hapo zamani, wala si zamani ya babu zenu, ni juzijuzi tu kompyuta zimeshazoeleka majumbani, alikuwepo Korogwe muuguzi mmoja, Salha. Asubuhi zahanati, mchana zahanati, jioni jiko, nguo na watoto wawili. Hata kupumua alipanga foleni! Na moyo wake wote ulikuwa kwenye mchezo wa kompyuta wa kujenga mji: unachora barabara, unapanga mabasi, abiria wafike.

Mumewe Hizza, fundi seremala, akamwonea huruma. "Mke wangu, kila jioni chukua nusu saa ucheze. Ugali nitasonga mimi." Akasonga ugali miezi minane. Mafundi wenzake walimcheka, naye akawakaushia.

Basi wenye mchezo wakatangaza shindano. Atakayejenga mji usio na msongamano atapata safari ya treni, siku saba za kupumzika, tiketi ya mtu mmoja. Siku saba! Salha alizitamani hadi machozi yakamlenga. Lakini mji wake ulikwama. Mabasi yaliganda katikati ya mji wiki nzima, akahangaika weee, wapi!

Siku ya mwisho, hata hajakaa vizuri, akaitwa zahanati: kuna mama anajifungua. Akatoka mbio, kompyuta ikabaki wazi. Mama mkwe wake, Bi Zaina, aliyeuza nyanya sokoni miaka thelathini, akachungulia, akaona kituo cha mabasi kiko mbali na soko.

"Ebo! Nani abebe tenga mpaka huko? Kituo kiwe mlangoni mwa soko!"

Hakuuliza mtu. Akabonyeza, akakosea, akabonyeza tena, kituo kikahamia sokoni. Mabasi yakaanza kwenda. Salha aliporudi muda ulikuwa umebaki kiduchu. Akautuma mji, ukashinda.

Tiketi ilipofika wakaketi watatu.

"Mji nimeujenga mimi, barabara moja moja," alisema Salha. "Na sijapumzika tangu niolewe."

"Na ile nusu saa ilitoka wapi?" Hizza aliuliza taratibu. "Hata mimi nimechoka, mke wangu."

Bi Zaina akacheka. "Mji ulikwama, wanangu, kituo nikakihamisha mimi. Na treni naiona ikipita hapa tangu utoto, sijaipanda hata siku moja."

Hakuna aliyegombana. Salha alijua wote wanasema kweli, na hilo ndilo lililomuuma. Kalamu anayo yeye, jina la kuandika kwenye tiketi ni moja, na mwisho ni kesho asubuhi.

Haya, msinikodolee macho mimi. Semeni nyinyi: je, nani alistahili zile siku saba?