Ukuta Uliokausha Nguo za Wachanga

Enyi jamaa mlioketi, wakubwa mnaostahili heshima na wadogo mnaostahili mapenzi, nawaamkia nyote. Tegeni masikio, wajukuu zangu, niwafungulie mlango wa siku zile ambazo mji huu uliamshwa na king'ora kabla jogoo hajawika. Siku ambazo dohani la kiwanda lilipita minara yote kwa urefu, na moshi wake ukatuambia upepo unaelekea wapi.

Ninyi husema, "Tukutane Ukutani." Haya, ukuta wenyewe uko wapi? Mnaona kituo cha mafuta na duka la matairi. Msicheke. Ukuta ulikuwapo.

Ulikuwa ukuta wa nyuma wa kiwanda cha kamba za mkonge, wa matofali mekundu, kutoka relini hadi kisimani. Kwa ndani yaliuegemea matanuri mawili; kwa nje uliuegemea mtaa mzima. Wazee walipasha migongo. Akina mama walitundika nguo za wachanga chini ya upenu wake. Mvua inyeshe, nguo zilikauka. Jua lipotee, nguo zilikauka. Joto lile halikuuzwa wala halikuombwa. Lilikuwa ukutani.

Ila kila masika matanuri yote mawili yalizimwa ili yakwanguliwe masizi, na wachochea moto wakapata likizo yao, ya pekee katika mwaka mzima.

Basi masika moja, mvua ikiwa haijui kupumzika, Mwanakheri, mke wa Makame wa reli, alijifungua mtoto njiti. Mdogo, wajukuu zangu, mdogo wa kuenea ndani ya kikapu cha mayai. Kuni zimelowa, makaa hayaonekani mjini. Mkunga wake, Bi Mwanatumu, akamviringisha kwa pamba, akamlaza katika kibanda kilichoegemea ukuta, kikapu kikigusa matofali. Mtoto akapata rangi. Mtoto akanyonya. Joto lilikuwa ukutani.

Kisha habari ikafika: kesho matanuri yanazimwa.

Kulipokucha, Bi Mwanatumu akajitanda kanga, akaenda hadi lango la kiwanda. Akamkuta msimamizi Kibaja chini ya mwavuli, na wachochea moto wamejipanga na mafurushi yao ya safari.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Kibaja, niachie tanuri moja liwake. Nina mtoto njiti pale ukutani."

"Haiwezekani, mama. Amri ni kuzima yote."

"Amri imetoka kwa nani?"

"Kwangu."

"Basi haijatoka mbali."

"Bi Mwanatumu, hiki ni kiwanda, si nyumba ya uzazi."

"Wewe ulipozaliwa hukuuliza ni nini. Mimi ndiye niliyekupokea, mwembamba kama mjusi wa darini, na masika ile ilikuwa mbaya kuliko hii. Nguo zako zilikauka wapi? Au mama yako alikuwa na jua lake mwenyewe?"

Wafanyakazi wakatazama viatu vyao, mabega yakiwatikisika. Kibaja akafunga mwavuli, na mvua ingali inanyesha.

"Zilikauka hapo hapo," akasema. "Nakubali, tusafishe moja moja. Lakini hilo litakalowaka litachochewa na nani? Hawa wana likizo, nami siwezi kuwanyang'anya. Waseme wenyewe."

Miongoni mwao alikuwapo Senkondo, mtu wa Usangi, milimani Upare. Furushi lake lilikuwa na sukari na kitenge cha mama yake mzee, Namkunda, ambaye hakuwa amemwona tangu masika iliyopita. Akalitazama furushi. Akakitazama kibanda.

"Mimi nabaki," akasema.

"Na mama yako, mwanangu?" akauliza Bi Mwanatumu, sauti imemshuka.

"Mama yangu akisikia nimeacha mtoto apoe ili nimpelekee sukari, ataimwaga."

"Sasa wewe Mpare, utalichochea peke yako kwa ulimi?" akanung'unika mwenzake, huku akivua koti la safari. Wa tatu naye akavua. Wote wakavua.

Tanuri moja likakwanguliwa, la pili likawaka, kisha yakabadilishana. Ukuta haukupoa. Na furushi je? Makame alilipandisha garimoshi, akapanda nalo milima kwa miguu, akalitua mbele ya bikizee yule. Akamweleza yote, akaomba ruhusa ya kumpa kichanga chake jina la bikizee huyo. Akaruhusiwa.

Siku hizi king'ora kimenyamaza na dohani limeangushwa. Matofali yalichukuliwa, yakajenga majiko ya watu. Lakini mtajapo Ukutani, wajukuu zangu, tajeni kwa shukrani: mtaa huu ulipashwa joto na watu walioahirisha safari zao, na wengi wetu hatukuwahi kuwaambia ahsante.

Mzigo wa kisa changu nautua hapa. Atakayeujitwika, asiuangushe njiani. Aliyenitwisha wa kwanza ni bibi yangu, naye alinisimulia akiwa ameegemeza mgongo kwenye matofali yale yale, yangali ya moto: Namkunda binti Makame.