Fisi na Majani ya Pindo Jeupe

Mwaka ule mvua ilipotea njia, haikufika msituni. Mito ikawa mchanga, mabwawa yakawa tope, na tope likapasuka kama kisigino kisichopakwa mafuta. Ikabaki chemchemi moja tu, chini ya mikuyu minene, na hapo ndipo Simba alipolala. Kwa kuwa alilala hapo, alisema ni yake. Na kwa kuwa aliyesema ni Simba, hakuna aliyeuliza.

Wanyama walipanga foleni. Wa mbele walikunywa maji, wa katikati walikunywa maji machafu, wa nyuma walilamba tope. Mzee Kobe, kwa miguu yake mnayoijua, kila siku alikuwa wa nyuma. Midomo yake ilikwisha kuchanika, na alijua kwamba akiendelea kulamba tope hataiona mvua nyingine.

Siku moja Simba aliitisha mkutano. Alilalamika kwamba yeye ni mfalme, lakini analala mahali peusi kama jiko la kuni. Maua aliyopandiwa yalikufa yote kwa kukosa jua, na aliyeyapanda naye hakuonekana tena.

"Atakayeng'arisha kivuli hiki kabla miezi mitatu haijaisha," alisema, "ndiye mlinzi wa chemchemi. Atakunywa wa kwanza kila siku."

Wanyama wengi walitazama chini. Kobe peke yake aliinua shingo. Kule kwake, chini ya jabali, alikuwa na mmea alioachiwa na mama yake. Majani yake yalikuwa mapana, ya kijani, na kila jani lilikuwa na ukingo mweupe uliolizunguka kama pindo la nguo. Kwa hiyo waliyaita majani ya pindo. Mmea huo uliupenda uvuli. Ukiwekwa juani uliungua kama chapati iliyosahauliwa.

Kobe aliling'oa shina lile, akaligawa taratibu miche minane, kila mmoja na mizizi yake. Akaipanda upande mmoja wa mikuyu. Kila siku alirudi na tope lake mgongoni, nusu akala yeye, nusu akaipa miche.

Fisi hakuchelewa kufika. Alimwamkia Kobe kwa heshima nyingi, akamwuliza hali ya mgongo, akamwuliza hali ya magoti, kisha akaomba mche mmoja tu. Kobe alikuwa na moyo mwepesi. Alimpa, na akampa na maelezo.

"Sikiliza, mwanangu. Kuna siku utaona chipukizi la kijani tupu, halina pindo. Ling'oe likiwa dogo. Lina nguvu kuliko wenzake. Ukiliacha litawameza wote."

"Lina nguvu, nalo ndilo nilitupe?"

"Ndiyo."

"Asante, mzee," alisema Fisi, akaondoka.

Njiani alicheka mpaka akakaa chini. Mzee huyu, alijiambia, ananiambia nitupe mnofu nibaki na mfupa. Ana wivu. Fisi hakuwahi kutupa kitu kinono tangu azaliwe, na hakuona sababu ya kuanza na mboga.

Halafu akafikiri kwamba mche mmoja hautoshi. Hili pia hakuwahi kufikiri kinyume chake. Kesho yake, Kobe akiwa kwenye foleni, Fisi alifukua miche ya mzee akaihamishia upande wa pili wa mikuyu. Aliacha kimche kimoja tu, kidogo kama ukucha wa mtoto mchanga, kwa sababu aliona aibu kubeba kitu kidogo hivyo.

Kobe aliporudi alikuta mashimo sita. Fisi alikuwa amesimama hapo hapo, anasikitika. Alisema ni konokono. Alisema amewaona kwa macho yake wakila.

Kobe alizitazama nyayo zilizozunguka mashimo. "Hawa konokono," alisema, "siku hizi wana makucha."

Lakini shahidi hakuwa naye, na meno hakuwa nayo. Akakishika kile kimche kimoja. Kila siku akakipa nusu ya tope lake. Chipukizi la kijani tupu lilipotokea pembeni, alilibana kwa mdomo akaling'oa. Mara tatu lilitokea, mara tatu akaling'oa. Foleni nzima ilimcheka. Waliuliza kama mfalme atalazwa chini ya jani moja au atalifunika sikio moja tu.

Bustani ya Fisi ilinenepa. Alimwaga samadi mbichi debe zima kwa kila mche. Machipukizi ya kijani tupu yakaja, na kila lilipokuja Fisi alilisifu kama mtoto wa kwanza. Yakatanuka, yakawakalia wenzake. Mwezi wa tatu ulipofika, bustani nzima ilikuwa ya kijani, na kijani chini ya mikuyu ni giza juu ya giza. Pindo lilikuwa halipo hata moja.

Ikabaki siku moja. Fisi alimkuta Sungura akipita na mikono nyuma, kama mtu asiye na shida. Akamweleza yote, isipokuwa wizi. Akamwahidi zamu ya pili ya maji.

Sungura aliitazama bustani kwa muda. "Kaka, kule ng'amboni kuna udongo mweupe," alisema. "Hata kuta unazing'arisha." Kisha akaendelea na safari yake.

Fisi alishinda akichovya mkia katika udongo ule na kupaka kingo za majani, moja baada ya jingine. Kazi yake ilikuwa safi kuliko ya Mungu.

Simba alikuja na msafara wake. Alipoiona bustani ya Fisi ikimeremeta chini ya mikuyu, alinguruma kwa furaha. Kisha akafanya kama simba wote wafanyavyo wanapopata kitu kipya. Alijipangusa mashavu kwenye majani, kulia na kushoto, mbele ya watu wote, ili kila mmoja ajue ni mali yake.

Alipoinua kichwa, wanyama walimkodolea macho. Twiga alitazama mbali. Nyani alijiuma mkono.

"Mnatazama nini?" aliuliza Simba.

Sungura aliinama mpaka masikio yakagusa chini. "Mtukufu, nimefurahi tu. Pindo limekukaa vizuri."

Simba alikwenda kwenye chemchemi akajitazama. Alikuwa na mistari myeupe mpaka masharubuni, kama mpishi wa maandazi. Alirudi polepole, akapangusa jani moja kwa kidole. Lilikuwa la kijani tupu.

Fisi alisema ni umande. Halafu akasema ni Sungura aliyemfundisha.

"Mimi nilimwambia udongo uko wapi," alisema Sungura. "Sikumwambia auite jani."

Simba alimrukia. Fisi aliacha nusu ya mkia palepale, nao ulikuwa bado mweupe. Tangu siku ile akapewa nafasi ya mwisho kwenye foleni, nyuma ya kila mwenye miguu.

Kobe alikuwa bado hajafika. Alipofika, kila mtu alisogea, na Simba akaona kimmea kimoja chenye majani matano, kila jani na pindo lake.

"Hiki tu?"

"Hiki tu, Mtukufu. Lakini hakifutiki."

Simba alilipangusa jani kwa kidole. Akakitazama kidole. Akapangusa tena, kwa nguvu. Ndipo akaweka shavu, kidogo, kisha akaenda kujitazama tena majini.

Siku hiyo Mzee Kobe alikunywa wa kwanza. Alikunywa polepole, kama afanyavyo kila kitu, na foleni nzima ilimsubiri bila kucheka. Nyuma kabisa, Fisi alilamba tope na kusema kwamba lina ladha.

Nguo ya kuazima haisitiri matako.