Chungu cha Nyamoita

Wahenga hawakuropoka waliposema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Wembe uliomfika jirani haukosi njia ya kwako. Eucabeth aliiandikia insha methali hiyo shuleni, akasifiwa, lakini haikumwingia.

Kule Nyamache, aliishi boma moja na Nyamoita, mjane wa kaka ya mumewe. Nyamoita alikuwa na binti mmoja tu, na Nyangau, mume wa Eucabeth, aliimezea mate michai ya mjane huyo.

"Haki ya mke ni ya mke, hata mume akifa," Nyamoita alimwambia Nyangau alipoidai.

Juma lililofuata Nyangau alikuja na vijana, akatoa chungu jikoni mwa Nyamoita.

"Uchawi huu! Ndio uliomuua kaka yangu!"

Nyamoita akageuka. "Mama Mokeira, waambie. Si jana tu umekula humu?"

Eucabeth alijua fika. Ilikuwa chinsaga, mboga zinazolazwa kwenye maziwa, naye alipikiwa humo alipojifungua binti yake Mokeira hadi nguvu zikamrudia. Lakini alimwogopa mumewe na, tuseme kweli, michai ile hata yeye aliitamani. Akainamisha kichwa, akaufyata.

Nyumba ikateketezwa. Nyamoita alikimbilia kwa bintiye kule Nyansiongo, akafia huko. Eucabeth akachuma ile michai, na chungu akakihifadhi kwa sababu kilikuwa kizuri.

Mwaka jana Nyangau alifariki. Hata matanga hayajaanuliwa, Gibson, shemeji yake mdogo, akadai shamba lote, kwa kuwa Eucabeth hakuzaa mwana wa kiume.

"Haki ya mke ni ya mke," Eucabeth akasema, na aibu ikamshika, maana maneno hayo hayakuwa yake.

Gibson naye akaja na vijana, akatoka jikoni na chungu.

"Hiki ni cha yule mchawi! Kumbe alimrithisha!"

"Ni chinsaga tu!" Eucabeth alilia. "Nyamoita hakuwa mchawi!"

"Mbona hukusema siku ile?"

Eucabeth akamgeukia Esnah, mke wa Gibson, aliyejifungua mwezi uliopita na kulishwa kutoka chungu hicho hicho.

"Esnah, mwanangu, waambie."

Esnah akamtazama mumewe, kisha akainamisha kichwa.

Eucabeth hakumlaumu. Alitoka na leso yake tu, akashika njia aliyopita Nyamoita, huku moshi ukipanda nyuma yake. Laiti angalitamka neno moja siku ile! Kweli, mwenzako akinyolewa, zako tia maji.