Paa Lisilofuka Moshi

"Mwenye akili huona paa lisilofuka moshi." Mmeisikia leo mkacheka, wajukuu zangu, mkidhani ni habari za upishi. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Huko milimani Upare aliishi Senkoro, baba wa Kiondo na Nakiete. Kiondo alitegua kitendawili kabla hakijamalizika kutegwa, na baba yake akavimba kichwa. Nakiete alikuwa mkimya hata wageni wakamsahau. "Binti huyu ni hamnazo," Senkoro alizoea kusema, naye mtoto yupo, anasikia. Maneno hayo yalimuuma.

Asubuhi moja ya kipupwe walikuta moto umezimika jikoni, na mama alikuwa na mtoto mchanga.

"Nakiete, kaombe moto kwa mama mdogo. Usikawie, mtoto anatetemeka."

Akachukua kigae cha kubebea makaa, akaenda. Alikawia mno. Senkoro akamtuma Kiondo, naye akarudi mbio na makaa, akamwagiwa sifa. Mtoto alikwisha kupata joto Nakiete alipoingia na kigae kitupu.

Senkoro akashika fimbo. "Moto uko wapi?"

"Nimemwashia Bibi Nangasu, baba."

Nangasu alikuwa mjane asiye na mtoto, na nyumba yake ilikuwa kando ya njia ile ile.

"Nani alikutuma kwake?"

"Hakuna. Nikirudi na makaa, niliona paa lake halifuki moshi. Nikabisha hodi, hakuitika. Nimemkuta chini, mwili wa baridi, hawezi kusema. Nikamwashia moto, nikamwita mama mdogo akae naye. Nilikuwa nakuja kuwaambia, nirudi kuomba makaa mengine."

Senkoro akaiweka fimbo chini. Alfajiri ile yeye mwenyewe alikuwa amepita mlangoni pale, akienda kufungulia maji ya shamba. Akamgeukia mwanawe wa kiume.

"Na wewe ulipita?"

"Nilipita, baba."

"Uliona nini?"

"Niliona njia tu, baba," akasema Kiondo, mtegua vitendawili, akiinamisha kichwa.

Bibi Nangasu hakupona. Alifariki jioni, lakini kando ya moto, mkono wake umeshikwa na mtu. Makaburini watu wakauliza ni nani aliyemkuta. Senkoro alimshika bega Nakiete, akamsogeza mbele, machozi yakimtoka bila kuyaficha.

"Ni mwanangu huyu, niliyemwita hamnazo. Sisi wengine tulipita. Mwenye akili huona paa lisilofuka moshi."