Taa Isiyozimwa Bandani

Binadamu mwenye pupa hunyoosha mkono kabla riziki yake haijaiva, na mara nyingi huiangusha yeye mwenyewe. Ndivyo ilivyomfika mume mmoja aliyefuga sato pamoja na mkewe katika banda la mabati lisilo na dirisha.

Mke ndiye aliyekuwa fundi wa kuzalisha. Alikuwa na majike kumi na wawili aliowachagua kwa miaka sita, na kila jioni alizima taa na kuteremsha juu ya tangi lao pazia jeusi alilolishona kwa mkono. Alipolazwa hospitali kwa maradhi ya figo, alimwita mumewe kitandani.

"Mume wangu, taa ziwake kwa saa kumi na nne tu kwa siku, kisha pazia. Hata samaki ana usiku wake. Nikirudi, nataka niwakute."

"Ondoa shaka. Nitawatunza kama mboni ya jicho."

Wiki ya kwanza alitii. Wiki ya pili alipitiwa, taa zikawa zinazidisha saa mbili. Siku chache baadaye akaona majike watatu zaidi wamejaza mayai kinywani, kwani sato huatamia mdomoni. Alipiga magoti palepale akamshukuru Mola. Alipoinuka, tamaa iliinuka naye. Ikiwa saa mbili zimeleta neema hii, usiku mzima utaleta nini? Akalitungua pazia, akalikunja, akaliweka juu ya kabati.

Shemeji yake, dada wa mke, alipofuata nguo za mgonjwa alichungulia bandani.

"Shemeji, hawa samaki wana mtihani? Mbona wanakesha?"

"Wanafanya kazi ya ziada! Mwambie dada yako atakosa pa kutia mguu."

"Mh! Wewe hulala balbu ikikuwakia usoni?"

"Mimi sitagi, shemeji."

Alicheka peke yake.

Haukupita muda, majike wakaanza kung'atana mapezi. Mmoja baada ya mwingine, wakayameza mayai yao. Mume aliwafungua vinywa mmoja mmoja. Vilikuwa vitupu kama magunia yaliyokung'utwa. Kwa kiwewe akazima taa zote kwa mpigo. Giza lile la ghafla likawatia wazimu samaki waliokwisha kudhoofika, wakajipigiza kwenye kuta za tangi.

"Ee Mola, niachie hata mmoja," alilia.

Kulipopambazuka, wote kumi na wawili walikuwa wakielea.

Siku ya tatu mke alirudi, ameegemea bega la dada yake. Hakuketi, alikwenda moja kwa moja bandani. Akatazama maji matupu, kisha akaliona pazia juu ya kabati.

"Ulilitoa?"

"Nililitoa."

Hakumkemea. Laiti angemkemea! Alilikunjua pazia, akalifunika tangi taratibu hadi pembeni, kama afunikwavyo maiti.

Kweli, mwenye pupa hadiriki kula tamu.